Kupima Kumbukumbu na Ubora wa Maisha Baada ya Kuumia Kichwa: Mwongozo kwa Anayeanza

Nitumie fomu ipi? Nimpime lini? Ndugu akijibu badala ya mgonjwa nifanyeje? Alama 19 maana yake nini? Maswali haya huletwa na wauguzi wa wodi za majeruhi, wataalamu wa fiziotherapia, madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na wanafunzi wanaokusanya data kwa mara ya kwanza hapa Dodoma. Kwa kuwa ni yale yale kila mwaka, nayajibu hapa kwa pamoja.

Mwongozo unamhusu mtu mzima aliyeumia ubongo: dereva wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Singida, mkulima aliyeanguka kutoka juu ya mbuyu akiangua ubuyu, mama aliyepigwa. Watoto wana vipimo vyao, usiwapime kwa hivi.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Uwezo wa kukumbuka na kufikiri ni kitu kimoja, ubora wa maisha ni kingine, na huwezi kukisia kimoja kwa kutazama kingine. Utakutana na mtu aliyekosa karibu nusu ya maswali ya kumbukumbu lakini anasema maisha yake ni mazuri, pengine kwa sababu amezungukwa na watu wake, pengine kwa sababu ubongo ulioumia haumwonyeshi alichopoteza. Utakutana pia na aliyepata alama karibu zote naye anakuambia maisha yamekwisha: kichwa kinagonga, hasira hazizuiliki, mke amerudi kwao. Ukipima upande mmoja tu, mmoja kati ya hawa wawili atakupita bila kumwona.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Fomu zenyewe, na ruhusa ya kuzitumia. Vipimo vingi vina wenyewe. EQ-5D na SF-36, fomu za afya na ubora wa maisha, huombewa kibali kwa wamiliki; MoCA, kipimo cha kumbukumbu na kufikiri, hudai mpimaji awe amepitia mafunzo ya wenyewe na kupata cheti; na QOLIBRI, fomu ya ubora wa maisha kwa walioumia ubongo, huombwa kwa walioitengeneza. Uliza wakati huo huo kama lipo toleo rasmi la Kiswahili. SF-36, kwa mfano, ilitafsiriwa na kujaribiwa Tanzania miaka ya 1990. Kukaa usiku mmoja na rafiki yako mkitafsiri fomu kutoka Kiingereza hakutoshi, hata kama Kiswahili chenu ni kizuri. Tafsiri inayotumika kupimia watu hutafsiriwa na zaidi ya mtu mmoja, hurudishwa kwenye lugha ya mwanzo na mtu ambaye hajaiona fomu ya awali, kisha hujaribiwa kwa wagonjwa wachache ili kusikia wameelewa nini.

Kama unapima kwa ajili ya utafiti, uwe na kibali cha kamati ya maadili ya chuo au hospitali, na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) pale kinapohitajika. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo picha za fomu zenye majina ya wagonjwa hazitumwi kwenye kundi la WhatsApp la wodi, hata kwa nia njema.

Vingine ni vidogo, lakini kimoja kikikosekana kazi inalala: chumba chenye mlango unaofungika, meza, viti viwili, saa yenye mshale wa sekunde au simu iliyozimwa mlio, penseli mbili na kifutio, karatasi nyeupe, maji ya kunywa, miwani ya kusomea ya kuazima, na kibiriti. Kibiriti nitakieleza mbele. Tenga dakika 60 hadi 90 kwa kila mgonjwa. Anayekuambia anamaliza kwa dakika 20 ana kitu anachokiruka.

Hatua

1. Soma faili kabla hujamwita.

Tafuta tarehe ya kuumia, alama za GCS (kipimo cha kiwango cha fahamu) alipofika, matokeo ya picha ya CT ya kichwa kama alipigwa, kama alifanyiwa upasuaji, kama amewahi kupata degedege, na dawa anazotumia sasa. GCS inaanzia 3 na kuishia 15: 13 hadi 15 huitwa jeraha jepesi, 9 hadi 12 la kati, 3 hadi 8 kali. Usidhani jina hilo linakutabiria matokeo ya leo. Jeraha "jepesi" huweza kumwacha fundi cherehani asiyeweza tena kukata kitambaa kwa vipimo.

Dawa zisome kwa makini. Fenobabito, fenitoini, diazepamu na dawa za maumivu zenye nguvu hupunguza kasi ya kufikiri. Humwambii aache dawa ili umpime. Unaandika jina la dawa, kiasi, na saa aliyomeza mara ya mwisho.

2. Hakikisha ametoka kwenye mkanganyiko wa baada ya ajali.

Hapa ndipo data nyingi huharibika. Baada ya ubongo kuumia kuna kipindi ambacho mtu amefungua macho, anaongea, anakula, hata anataniana na wenzake wodini, lakini ubongo hauhifadhi lolote jipya. Ukimpima wakati huo umepima mkanganyiko, na siku chache mbele ungepata mtu mwingine kabisa.

Kila asubuhi muulize yuko wapi, ni siku gani, amefikaje hospitali, na kitu gani cha kwanza anachokikumbuka baada ya ajali. Mtajie jina lako na umwonyeshe picha tatu, kesho yake uulize kama anakukumbuka na aliona picha gani. Kipo kipimo maalumu cha kazi hii kiitwacho GOAT, chenye alama 100. Akivuka 75 kwa siku mbili mfululizo, mkanganyiko umekwisha. Andika umedumu siku ngapi, maana urefu wa kipindi hicho ni moja ya dalili bora za jinsi atakavyokuwa baadaye.

Onyo kuhusu saa. Mgonjwa akisema ni saa nne asubuhi na wewe ukaandika 4, anayeingiza data atasoma saa kumi usiku, na mtu aliyejibu sawasawa ataonekana hajui wakati. Kubalianeni mapema mtaandikaje saa, nyote mwandike hivyo hivyo.

3. Mwandae mtu kabla ya kuandaa fomu.

Mgonjwa wa marudio aliyetoka Kwa Mtoro au Manyoni ameamka alfajiri, amebanana kwenye gari, hajala, na amekaa foleni tangu saa mbili. Ukimwita saa saba na kumtaka ahesabu kurudi nyuma, unapima njaa na safari. Mpe nafasi anywe chai kwanza. Panga vipimo vya kumbukumbu viwe asubuhi kila inapowezekana, na kama anaishi mbali, mwombee msimamizi wa kliniki atangulizwe.

Muulize kama anakuona vizuri na kukusikia vizuri, na umjaribu. Muulize maumivu yako wapi leo, kwa kipimo cha 0 hadi 10. Muulize alilalaje. Muulize kuhusu pombe bila kukunja uso. Mtu mwenye homa leo hapimwi leo.

Halafu msalimie kama mtu. "Shikamoo" kwa aliyekuzidi umri, "mbukwa" kwa Mgogo kama unaijua, na umwite mzee, baba, mama, kaka, kama ambavyo ungemwita mtaani. Ukianza na "jina lako kamili, umri wako," umeshageuka askari wa zamu.

4. Amua lugha.

Vijana wa mjini watakujibu Kiswahili bila shida. Lakini bibi wa Chilonwa aliyeishi maisha yake yote kwa Kigogo, mzee wa Kondoa mwenye Kirangi, Mnyaturu wa Singida vijijini au Msandawe wa Farkwa anaweza kuelewa Kiswahili cha dukani na bado akashindwa maneno ya kukumbuka, kwa sababu nguvu zote zimekwenda kwenye lugha. Muulize: nyumbani mnaongea lugha gani? Ukiota, unaota kwa lugha gani? Kama Kiswahili ni lugha yake ya pili na anaiongea kwa shida, tafuta mkalimani aliyefundishwa kazi hii. Asiwe mtoto wake, wala jirani wa kitanda. Na uandike kwenye fomu kwamba kipimo kimepita kwa mkalimani.

5. Omba ridhaa kwa maneno yasiyomtisha.

Usimwambie "tunakupima akili." Katika Dodoma maneno hayo yana jibu moja kichwani mwa mtu: wananipeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Hofu hiyo inawakosea wagonjwa wa Mirembe na inamkosea huyu uliye naye, lakini ipo, na mtu aliyeingiwa na hofu hakumbuki maneno matano. Mwambie: "Ukiumia kichwa, wakati mwingine kumbukumbu na umakini hupungua kwa muda. Nitakuuliza maswali, mengine mepesi, mengine magumu kwa kila mtu. Halafu nitakuuliza maisha yanakwendaje tangu utoke hospitali. Ukichoka niambie tupumzike. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki."

Mtake akueleze kwa maneno yake umemwambia nini. Asipoweza, ridhaa hiyo bado haijakamilika: rudia kwa polepole, na kama bado, ndugu anayemwakilisha atoe ridhaa huku yeye mwenyewe akiwa ameonyesha kukubali.

6. Pima utambuzi kwanza, angali na nguvu.

Kwa utambuzi ninamaanisha umakini, kumbukumbu, lugha, kasi ya kufikiri, na uwezo wa kupanga jambo na kulifuata. Uchaguzi wa kipimo unategemea sana amesoma kiasi gani.

MoCA, iliyotolewa mwaka 2005, ina alama 30, huchukua kama dakika 10, na ni nzuri kwa kunasa matatizo ya umakini na kupanga mambo, ambayo ndiyo huumia sana baada ya ajali. Inamtaka mtu achore mchemraba na saa, na aunganishe namba na herufi. Mwenye kidato cha nne atakwenda nayo. Kwa mtu ambaye hakushika kalamu tangu darasa la pili, au hakushika kabisa, lipo toleo la MoCA la watu wenye elimu ndogo. Kipo pia kipimo cha IDEA, kilichoandaliwa kwa wazee wa Afrika na kufanyiwa kazi wilayani Hai, Kilimanjaro. Hicho hakimtaki mtu achore. Anapanga njiti za kiberiti afuate umbo uliloonyesha, na ndiyo sababu nimekuambia ubebe kibiriti. Kilitengenezwa kwa kutafuta shida ya akili ya uzeeni, kwa hiyo kwa kijana aliyepata ajali kitakuonyesha upungufu mkubwa na kitaacha mdogo upite.

Ongeza vipimo vifupi viwili ambavyo havidai shule. Cha kwanza, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Wafugaji wa Chamwino na Bahi hukushangaza hapa, na ukiwa huwajui wanyama wao utaanza kukata majibu yaliyo sahihi. Andika kila neno kama alivyolisema, hesabu baadaye. Cha pili, arudie namba unazomtajia, kwanza kama zilivyo, kisha kwa kurudi nyuma. Zitaje namba moja kila sekunde, kwa sauti ile ile, bila kuzikusanya mbilimbili kama namba za simu.

Soma maelekezo kama yalivyoandikwa. Huu ndio ugomvi wangu wa kudumu na wasaidizi wapya, na ninawaelewa, kwani wana huruma. Mgonjwa anakwama, msaidizi anamnong'oneza herufi ya kwanza, au anabadilisha maneno magumu kuwa "ugali, mlenda, zabibu" ili yawe mepesi. Kuanzia hapo alama hizo hazilinganishwi na za mtu yeyote. Kama swali halifai kwa watu wetu, kama vile fomu inayouliza majira manne ya mwaka mahali penye masika na kiangazi tu, suluhisho ni kuafikiana na wote wanaopima kabla ya kuanza, kuandika mabadiliko hayo, na kuyajaribu kwa watu wasioumia.

Malizia na jambo analoliweza, kwa mfano kutaja siku za juma. Asiondoke kwenye sehemu hii na ladha ya kushindwa, kwa sababu hali hiyo itaingia kwenye majibu yanayofuata.

7. Mpe mapumziko ya dakika 10, kisha uliza ubora wa maisha.

Fuata mpangilio huo huo kwa wagonjwa wote. Ukianza na maisha kwa huyu na kumbukumbu kwa yule, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya mpangilio wako.

EQ-5D ndiyo fupi kuliko zote: mambo matano (kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, wasiwasi au huzuni), kisha anaonyesha afya yake ya leo kwenye mstari wa 0 hadi 100. Inafaa kliniki yenye foleni. Udhaifu wake ni kwamba haiulizi kumbukumbu wala hasira, na kwa aliyeumia kichwa hayo ndiyo yanayovunja ndoa. WHOQOL-BREF ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 26 kuhusu wiki mbili zilizopita, yaliyogawanyika katika mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. QOLIBRI ilitengenezwa kwa ajili ya walioumia ubongo: maswali 37 kuhusu jinsi mtu anavyoridhika na kufikiri kwake, hisia, kujitegemea na mahusiano, na anavyosumbuliwa na hisia mbaya na matatizo ya mwili. Lipo toleo lake fupi la maswali 6. Ukipewa nafasi ya kuchagua mbili, chukua EQ-5D kwa kulinganisha na magonjwa mengine, na QOLIBRI kwa kumjua huyu aliye mbele yako.

Kazi ngumu ya hatua hii ni moja: watu wetu wamelelewa kujibu "nzuri." Unauliza umeridhika kiasi gani na usingizi wako, anajibu "namshukuru Mungu." Unauliza kuhusu maumivu, "hivyo hivyo tu." Haya ni majibu ya adabu, na ukiyageuza kuwa 4 kati ya 5 kwa kukisia, umejijibu mwenyewe. Pokea shukrani yake: "Tumshukuru kweli." Kisha mrudishe kwenye ngazi. Chora mistari mitano inayopanda au panga vikombe vitano, kuanzia kitupu hadi kilichojaa mtama, na umwambie aguse kikombe kilicho sawa na usingizi wake wa wiki hizi. Fanya naye jaribio kwa jambo lisilo na uzito, kama anavyopenda chai. Akishashika namna ya kujibu, maswali mengine yanateleza. Maneno ya swali na ya majibu yabaki yale yale ya fomu. Vikombe vinamsaidia kuchagua tu.

Mkumbushe muda kila baada ya maswali machache: "tangu jumapili ya juzi hadi leo." Bila hivyo atakueleza tangu siku ya ajali.

WHOQOL-BREF ina swali kuhusu maisha ya tendo la ndoa. Wapya wengi huliruka kwa aibu, na mgonjwa aliyekuwa anasubiri mtu amuulize anarudi nyumbani na mzigo wake. Liulize kwa sauti ile ile uliyoulizia usingizi, mlango ukiwa umefungwa, ndugu akiwa nje. Kama ni mwanamke na wewe ni kijana wa kiume, mpishe mwenzako wa kike aulize sehemu hiyo yote. Akikataa kujibu, acha wazi.

8. Msikilize ndugu, lakini kando na baada.

Ndugu anajua vitu ambavyo mgonjwa havioni: kwamba anaacha moto jikoni, anasimulia jambo lile lile mara tatu, analia au kufoka ghafla. Andika majibu ya ndugu kwenye fomu ya ndugu. Yasichanganywe kamwe na ya mgonjwa wala yasitumike kujaza mapengo yake. Kuhusu ubora wa maisha, mwenye maisha ndiye mwenye jibu. Ndugu aliyechoka huona hali mbaya kuliko anavyoiona mgonjwa, na ndugu mwenye matumaini huona kinyume.

Hapa pia unakusanya habari za kupanga daraja la GOSE, yaani kiwango cha kupona na kujitegemea baada ya kuumia ubongo, linaloanzia 1, aliyefariki, hadi 8, aliyerudi katika hali nzuri kabisa. Maswali yake yanataka uangalifu. Linauliza kama mtu anaweza kuachwa peke yake nyumbani kwa saa 8. Kwenye kaya yenye bibi, wajukuu na mawifi, hakuna anayeachwa peke yake hata kama ni mzima. Uliza kama angeweza kuachwa, siyo kama huwa anaachwa. Vivyo hivyo kuhusu ununuzi: wako wanaume ambao hawakuwahi kwenda sokoni hata kabla ya ajali. Na kwa kila upungufu uliza ulikuwapo kabla.

9. Kokotoa alama siku hiyo hiyo.

EQ-5D haijumlishwi. Mtu mwenye 21143 ana picha ya hali tano, tarakimu moja kwa kila jambo, na kuiita "11" ni kosa linalorudi kila mwaka kwenye ripoti za wanafunzi. WHOQOL-BREF haina alama moja ya jumla: swali la 3, la 4 na la 26 hugeuzwa kwanza, kisha unapata wastani wa kila eneo na kuuzidisha kwa 4, hivyo kila eneo linakaa kati ya 4 na 20. Zaidi ya asilimia 20 ya majibu ikikosekana, fomu hiyo haihesabiwi.

Kwenye MoCA, mwenye miaka 12 ya shule au pungufu huongezewa alama 1, na mpaka wa kawaida ni 26. Mpaka huo uliwekwa Kanada, kwa watu waliosoma kwa miaka mingi. Ukiutumia kama ulivyo kwa walioishia darasa la saba, utawaita wagonjwa watu wazima wenye afya njema kijiji kizima. Kwa hiyo tafuta wa kuwalinganisha nao. Walio bora zaidi ni majeruhi waliovunjika mguu au mkono bila kuumia kichwa, wa umri na elimu inayokaribiana. Nao walipata ajali, walilala wodini, walipoteza kipato, wana maumivu. Tofauti inayobaki kati yao na mgonjwa wako ina haki ya kuitwa ya ubongo.

10. Mpe matokeo, kwa lugha ya kazi zake.

"Umepata 19" haimsaidii mtu. "Kumbukumbu ya mambo mapya imepungua, kwa hiyo tumia daftari, na mauzo ya dukani yaandikwe papo hapo" inamsaidia. Kila dereva wa bodaboda atakuuliza kama arudi barabarani. Fomu hizi hazitoi kibali hicho. Mpeleke kwa daktari, hasa kama amewahi kupata degedege.

11. Panga marudio kabla hajaondoka.

Miezi 3, 6 na 12 tangu kuumia ndiyo mpangilio unaotumika sana. Chukua namba za simu za watu watatu, kwani laini hubadilishwa, na jina la kitongoji na la mwenyekiti wake. Epuka kuweka miadi ya wakulima wiki za kupanda, mvua za Desemba zinapoanza, kwani hawatakuja, na wana haki. Ukirudia MoCA tumia toleo jingine, yako matatu, la sivyo utapima anavyoyakumbuka maneno ya safari iliyopita. Asiyeweza kusafiri muulize ubora wa maisha kwa simu, lakini kila fomu iandikwe imejibiwa kwa njia gani.

Mambo yakikwama

Mgonjwa hajui umri wake. Tafuta kwa matukio: alikuwa wapi Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, alikuwa na ukubwa gani ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma mwaka 1973, au wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Kwa wazee, usimnyime alama za utambuzi kwa tarehe ya kuzaliwa ambayo hakuwahi kuijua.

Ana kauli iliyopotea, lakini anaelewa. Vipimo vya maneno vitamwonea. Tumia maswali ya kugusa na kuonyesha, andika wazi kwamba sehemu ya lugha haikupimika, na usiweke sifuri. Sifuri maana yake alijaribu akashindwa. Hivyo hivyo kwa mwenye mkono wa kuume uliofungwa hogo.

Ndugu hataki kutoka chumbani. Mpe kazi: fomu yake mwenyewe na mtu wa kumuuliza, kwenye chumba cha pili. Karibu wote hukubali wakiona nao wanasikilizwa.

Anajibu namba ile ile kwa kila swali. Amechoka au hakuelewa ngazi. Simama, rudi kwenye jaribio la chai, na ikishindikana malizia siku nyingine. Fomu iliyojaa 3 kutoka juu hadi chini ni sawa na fomu tupu, ila inadanganya.

Alama za kumbukumbu ni mbaya kuliko ulivyotarajia, na uso wake umekufa. Fikiria sonona. Huzuni kubwa hupunguza umakini hata ubongo ukiwa haujaumia. PHQ-9, fomu ya kuchunguza sonona, ina maswali 9 na inatumika kwa Kiswahili. Swali la mwisho linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Usiliulize kama hujapanga utafanya nini ukijibiwa ndiyo. Ukijibiwa ndiyo, kaa naye, muulize kama ana mpango na kama ana njia, usimwache peke yake, na umkabidhi mkononi kwa daktari siku hiyo hiyo. Mirembe ipo hapa hapa mjini, na kliniki ya afya ya akili inatibu kama kliniki nyingine.

Alama zimeshuka kuliko mara ya mwisho. Baada ya kuumia ubongo tunategemea mtu apande au asimame alipo. Akishuka, kwanza hakikisha kipimo kilipita vilevile: lugha ile ile, saa zile zile, dawa zile zile. Kama vilikuwa sawa, uliza kuhusu kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuyumba, mkojo kumtoka, udhaifu wa upande mmoja, degedege. Damu inaweza kujikusanya taratibu juu ya ubongo na kuonekana wiki kadhaa baada ya ajali, hasa kwa wazee na wanywaji wa pombe, na maji ya ubongo yanaweza kujaa. Yote mawili yanatibika yakiwahiwa. Weka fomu pembeni, mpigie daktari simu, na mgonjwa aende leo kwenye hospitali yenye CT. Maswali ya ubora wa maisha utayamalizia akirudi.